Mashine Iliyokufa Kila Ilipoombwa Msaada

Marahaba, wanangu. Marahaba na wewe uliyenong'ona kule nyuma, nimekusikia.

Wakati wa Pasaka mtoto wa mdogo wangu alikuja hapa Mbaha, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na kompyuta yake ya kupakata, amenuna. Anasomea mambo ya programu chuoni. Akaniambia, "Mama mkubwa, programu yangu inafanya kila kitu vizuri, ila nikiiomba inionyeshe maelezo ya matumizi, inakufa." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto akakasirika, akadhani namcheka yeye. Jamani, sikumcheka. Nilikuwa nimekumbuka watu. Ndipo nikaona niwasimulie ninyi nyote mnaoianza kazi hii, maana mnadhani matatizo haya yamezaliwa pamoja nanyi.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa Mbinga mpaka nikastaafu. Jina la kiwanda halina haja. Wenye nacho wamebadilika mara nyingi kuliko mabati ya paa lake. Mimi ni mtu wa ziwani, nimekulia kwenye dagaa, na siku ya kwanza kupanda milima ya Umatengo nilitetemeka kwa baridi mpaka meno yakagongana. Wenyeji wakanicheka, wakanipa koti. Ndivyo watu wa kule walivyo: kwanza wanakucheka, halafu wanakuvisha.

Kabla soko halijafunguliwa, kahawa ilikuwa na njia moja: kutoka kwa mkulima kwenda chama cha msingi, kutoka chama kwenda ushirika, basi. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakajaa mjini, kila mmoja na pikipiki yake na mdomo wake mtamu, na kila mmoja anataka kahawa yake ikobolewe peke yake, ipimwe peke yake, isiguswe na ya mwenzake. Wakulima nao wakaunda vikundi, wakataka magunia yao yatambulike kwa jina lao. Mafungu yakawa mengi mpaka mkono ukashindwa kuandika. Ikaletwa kompyuta moja, ikawekwa kwenye chumba kidogo kando ya ghala, na sisi wawili tuliokuwa tunapiga chapa, mimi na Gaudensia, tukaambiwa kuanzia leo ninyi ni watu wa kompyuta. Hivyo tu. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka.

Gaudensia nimweleze kidogo. Mchapakazi hasa, mkarimu, ila mdomo wake ungeweza kukoboa kahawa bila mashine.

Programu iliandikwa na Idrisa. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, watu wenye asili ya pwani, na Idrisa alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam kisha akarudi kumsaidia mzee wake. Wengi walimwona mjinga. Mtu asome yote yale halafu aje kupima khanga? Mimi mpaka leo namshukuru Mungu kwamba alirudi, maana yote ninayoyajua yalianzia kwake, na hakuwahi kunifanya nijione mpumbavu.

Enzi hizo hapakuwa na kubofya bofya. Skrini nyeusi, maandishi meupe, unaandika amri. Programu yetu iliitwa PANGA. Unaandika PANGA, halafu unaongeza vichaguo: kistari na herufi u kwa unyevu, kistari na d kwa daraja, kistari na f kwa namba ya fungu. Ile sehemu ya kusoma vichaguo Idrisa hakuiandika mwenyewe. Aliichukua kwenye maktaba, yaani kazi ambayo waandishi wengine wa programu wameshaifanya wakaigawa, nawe unaiazima kama unavyoazima kinu kwa jirani. Na ukiandika kistari na m, programu inakupa msaada, inakueleza kila kichaguo kinataka nini. Ukikosea amri, inakupa msaada mrefu zaidi bila hata kuuomba.

Msaada wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Siku moja Mzee Ditram, msimamizi wa ghala, akaingia akatuona tumekodolea macho skrini. Mzee huyu alikuwa mtu wa Mbinga hasa, mwenye shamba la ngolo, yale mashimo ya Wamatengo ya kuzuia udongo usisombwe na maji, kwenye mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili. Akauliza, "Huo msaada unamsaidia nani?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Saa ya uji akatukusanya wote juu ya magunia, sisi, wapimaji, hata wapakiaji, na Idrisa na kalamu yake, na tukautafsiri msaada ule mstari kwa mstari, kwa maneno yale yale tunayosemeshana kazini na kwa namna ile ile tunayoandika kwa chaki kwenye ubao wa ghala. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Idrisa akaingiza yote kwenye programu bila kubadilisha nukta. Tulijiona wakubwa, haki ya Mungu!

Hapa nisimame niwape mawili matatu ya kazi, kabla sijasahau.

La kwanza, weka nakala mbili za kazi yako, tena katika nyumba mbili. Sisi tulilijua hili kwa njia ngumu. Kwenye kiwanda cha kahawa kuna sumaku kubwa, kahawa inapita juu yake ili misumari na vipande vya waya vinaswe visiingie kwenye mashine. Mpakiaji mmoja mwema, alipokuta diski zetu zimeachwa mezani, akaona ni vitu vya thamani, akatafuta mahali pasipofikiwa na panya. Akaziweka kwenye sanduku la sumaku ya akiba. Zilitoka safi kabisa, zimefutika zote! Tangu siku hiyo nakala ya pili ilikaa nyumbani kwa mama yake Idrisa, kwenye kabati la vikombe vya wageni. Kila nilipokwenda kuifuata nilirudi na vitumbua. Mama yule alikuwa anasali kwake nami nasali kwangu, lakini vitumbua vyake vilinijua kwa jina.

La pili, ukisikia jenereta inakohoa, hifadhi kazi kwanza, maswali baadaye.

La tatu ndilo refu, nalo linaanza na Winfrida.

Winfrida alikuja msimu wa pili wa kompyuta. Binti wa Kigonsera, amesoma shule ya misheni, mpole, anaamkia kila mtu hata mlinzi aliyemzidi mwaka mmoja. Mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu na wadogo zake walimtegemea yeye. Aliajiriwa kwa majaribio. Akakaa pale mezani, na kwa kuwa alikuwa mgeni na mwenye adabu ya shule, akafanya kile ambacho mimi na Gaudensia hatukuwa tumewahi kukifanya: akaiomba programu msaada. Sisi tungeuomba wa nini? Tulikuwepo ulipoandikwa, na amri tulizijua kwa moyo, hatukuzikosea.

Skrini ikajaa takataka, alama ambazo hazimo katika lugha yoyote ya Mungu, halafu mashine ikaganda kimya. Ikabidi izimwe na kuwashwa upya, na mafungu yote ya asubuhi ambayo hayajahifadhiwa yakapotea. Lori la kwenda mnadani Moshi likawa linanguruma nje, dereva anapiga honi, meneja anatoka jasho.

Ikatokea tena kesho yake. Ikatokea tena wiki iliyofuata. Kila mara Winfrida ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Sisi tukikaa, mashine inachapa kazi mpaka jioni. Gaudensia akaanza kuguna. "Huyu mtoto ana nuksi," akasema, kwanza chinichini, halafu kwa sauti, halafu mbele ya wapakiaji. Wakamwita Bibi Nuksi. Gaudensia akamkataza asiweke mkono wake kwenye kibodi. Na Mbinga enzi hizo ilikuwa mji mdogo. Jina baya lilipanda vilima haraka kuliko Landrova. Mtu akifukuzwa kiwandani kwa nuksi, nani mwingine angemwajiri? Hata kuuza nyanya sokoni asingeuza, watu wangepita mbali.

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Akamwita Winfrida akamwambia majaribio yake yataishia Jumamosi. Binti akaitikia, "Ndiyo, baba," akatoka, akaenda kusimama nyuma ya ghala kwenye makapi ya kahawa. Nikamkuta analia bila sauti. Niliumia, wanangu. Nilimfuta machozi kwa khanga yangu, tukarudi.

Aliyemtetea ni Mzee Ditram. Alimfuata meneja pale pale uani. "Bwana Meneja," akasema, "mashine yangu ya kukobolea ikipasua buni, simfukuzi anayemimina. Namwondoa kwanza, namimina mwenyewe kahawa ile ile. Ikipasua tena, kosa si la mkono. Kwa nini hii ya umeme iwe tofauti?"

Meneja akasema, "Mzee, wewe hujawahi hata kuigusa kompyuta."

"Ndiyo maana nafaa."

Tukajaa chumbani. Mzee Ditram akafuta mikono kwenye suruali, akakaa, akamwambia Winfrida, "Mwanangu, nielekeze ulichoandika, herufi kwa herufi." Winfrida akamtajia. Mzee akawa anadonoa kibodi kwa kidole kimoja kama kuku anayekula mtama. Alipofika mwisho akabonyeza. Takataka, kimya, mashine imekufa.

Chumba kikapiga kelele. Lakini Gaudensia si mtu wa kushindwa. "Winfrida alikuwa amesimama karibu!" Basi Winfrida akatolewa nje, akasimamishwa kule kwenye mzani wa malori. Mashine ikawashwa, mzee akadonoa tena. Ikafa tena. "Labda imebaki kwenye kiti," akasema Gaudensia, na safari hii hata wapakiaji walimcheka.

Idrisa akaitwa kutoka dukani, akaja na tepu ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Akasoma maelezo yetu mstari kwa mstari, akafika penye unyevu, akajipiga paji la uso. "Lahaula! Ni mimi huyu."

Hebu nisikilizeni, hapa ndipo pana kazi. Sisi watu wa kahawa unyevu tunauandika kwa tarakimu na ile alama ya asilimia, duara juu na duara chini na mstari wa mshazari katikati. Ndivyo ilivyo kwenye ubao, ndivyo ilivyo ubavuni mwa magunia, ndivyo tulivyomwambia Idrisa aandike. Yule Mwingereza, au Mmarekani sijui, aliyeandika maelezo ya kwanza aliandika neno zima, kwa hiyo hakupata tabu. Kumbe kwa programu ile alama si asilimia. Ni amri. Inaiambia mashine, "Hapa weka kitu nilichokupa." Mashine inageuka kutafuta kitu, haikupewa chochote, inaingiza mkono gizani kwenye kumbukumbu na kushika chochote kilicho karibu. Ikishika kibaya, inakufa nacho.

"Dawa yake ni ndogo," akasema Idrisa. "Alama ukiiandika mara mbili, mashine inaelewa kwamba unaitaka alama yenyewe, inakuchapia moja." Akaziandika mbilimbili kila mahali. Akaomba msaada kwa kistari na m. Maelezo yakatoka meupe, safi, Kiswahili chetu chote. Tukapiga makofi. Meneja akasema, "Haya, mwiteni binti akae, tuone."

Winfrida akaletwa. Ilikuwa Ijumaa, siku moja tu kabla ya Jumamosi yake, watu wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja anakodolea vidole vyake. Na ninyi mngekosea. Akaandika unyevu, akaandika daraja, namba ya fungu akaiandika bila kistari chake. Programu ikaona amri ina kosa, ikataka kumpa ule msaada mrefu.

Takataka. Kimya. Imekufa.

Gaudensia akapumua kwa pua tu, na pumzi ile ilitosha. Winfrida akainuka, akachukua mfuko wake, akakunja khanga yake vizuri kama mtu anayetoka kanisani. Akamwambia meneja, "Asante kwa kunivumilia, baba." Akaanza kwenda mlangoni na watu wakampisha, tena kwa mbali.

"Dada, usiondoke," Idrisa akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi niliomba kwa m. Wewe uliandika nini?"

Akamwambia, bila kugeuka. Kila herufi.

Idrisa akaketi sakafuni, sijui kwa nini sakafuni, akakaa anafikiri na ile tepu shingoni. Halafu akaanza kucheka peke yake. "Ni mikono miwili," akasema. "Msaada mfupi unapita mkono mmoja. Ule mrefu unapita kwanza kwenye maktaba niliyoazima, inausoma na kutafuta alama zake, halafu inanirudishia, nami nauchapa kwa amri yangu inayotafuta alama zile zile. Alama mbili zinaingia kwanza, inatoka moja. Mimi naipokea ile moja, naiona ni amri."

Mzee Ditram akatikisa kichwa. "Kama kahawa iliyokwishakobolewa, ukairudisha kwenye mashine. Mara ya kwanza inatoka ganda. Mara ya pili inapasuka yenyewe."

"Hivyo hivyo, mzee."

Mnajua wengine wangefanya nini? Wangeandika alama nne. Nimewaona, na ninyi baadhi yenu nimewaona. Unaongeza alama mpaka leo ifanye kazi, na kesho mtu anabadilisha kitu kimoja, inakufa tena. Au wangefuta alama, waandike neno, wakijua kwamba mwaka ujao mpimaji mwingine ataongeza mstari wake na kuirudisha. Idrisa hakufanya hivyo. Alibadilisha namna ya kuchapa, maneno yetu yakawa yanapita kama mzigo ndani ya gunia lililoshonwa: mashine inaubeba, haiufungui. "Maneno ya watu," aliniambia, "yabebe, usiyatii." Nimeishi kwa sentensi hiyo maisha yangu yote ya kazi. Jina la mkulima, anwani, maelezo, chochote kilichoandikwa na binadamu, usiipe mashine ikisome kama amri. Na ukiazima kazi ya mwenzako, uliza kwanza yeye anazitafsirije alama unazozitumia wewe, maana nyumba mbili zinaweza kuwa na kengele ya aina moja, moja inaita watu kula, nyingine inaita watu kuzima moto.

Namshukuru Idrisa kwa hilo. Namshukuru Mzee Ditram, ambaye sasa amelala kwenye makaburi ya misheni na ambaye aliketi mbele ya kitu asichokijua ili binti wa watu asionewe. Na zaidi ya wote namshukuru Winfrida. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi wenyeji tungekaa na ugonjwa ule miaka mingi bila kujua tunaumwa, kwa kuwa hatukuuliza kitu. Aliyeuliza ndiye tuliyemwita nuksi.

Basi, Idrisa alipomaliza, aliinuka akavuta kiti. "Dada Winfrida, kaa. Kosea vile vile ulivyokosea."

Alisita mlangoni. Meneja mwenyewe ndiye aliyekwenda akamchukulia mfuko. Akarudi, akakaa. Gaudensia alikuwa kwenye kiti cha pili pale mezani, uso ameuelekeza dirishani. Winfrida akaandika unyevu, akaandika daraja, akaandika namba ya fungu bila kistari. Akafumba macho, akabonyeza.

Aliyeona kwanza ni mpakiaji mmoja mlangoni. "Yesu na Maria, inaongea!"

Winfrida akafumbua macho, akaanza kutusomea kwa sauti, kama somo la kanisani. Unyevu, na alama yake ya asilimia imesimama mahali pake, moja, haimdhuru mtu. Daraja. Fungu. Akashuka mpaka chini kabisa, penye mstari uliomo kwenye msaada mrefu tu, ambao Mzee Ditram aliutoa siku ile ya uji, na ambao hakuna aliyewahi kuuona kwenye skrini kwa sababu mashine ilikuwa inakufa kabla haijaufikia. Akausoma taratibu: "Ukikwama bado, usione haya. Muulize aliyekaa karibu nawe."

Akageuza kiti.

"Shikamoo, dada Gaudensia," akasema. "Namba ya fungu inaandikwaje?"

Gaudensia alifungua mdomo, na mdomo ule, wanangu, haukutoa neno. Machozi yakamshuka. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akaushika mkono wa Winfrida, mkono ule ule alioukataza kibodi, akaupeleka kwanza kwenye kistari, kisha kwenye herufi f.

"Hapa, mdogo wangu," akasema. "Halafu hapa."